Moyo wa Mtoto Mdogo ni Amana
Somo kwa baba na walimu wa vyuo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na ahali zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: somo hili limewekwa kwa ajili ya wanaume, yaani baba, babu, mjomba na mwalimu wa chuo. Yako mazoea kwa wanaume wengi kudhani kuwa mtoto mdogo ni kazi ya mama mpaka atakapofika umri wa kusoma. Na kwamba akisha kufika, kazi ya mwanamume ni kumtia khofu. Dhana zote mbili si katika mwendo wa Mtume (s.a.w.), wala si katika maneno ya wanavyuoni wakubwa. Na madhara yake huonekana baadaye, wakati ambapo baba hawezi tena kuyaondoa.

FUNGU LA 1: AMANA NI NINI

Mtu wa pwani aijua amana. Nahodha apokeaye shehena bandarini huihesabu, huipanga, huifunika isiingie maji, na afikapo hudaiwa kila kipande. Na shehena hiyo ni tende au nguo tu. Ikiharibika, yaweza kulipwa. Mtoto ni amana isiyolipika.

Imam Ghazali, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), ameeleza katika Ihya Ulumi-d-Din kwamba mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake, na kwamba moyo wake ni johari safi isiyo na nakshi, yenye kupokea kila kichorwacho juu yake. Wengi wasikiapo maneno haya hudhani kuwa nakshi hiyo ni alifu na bee, na sura fupi za juzuu ya mwisho. Hayo ni ya pili. Kabla mtoto hajaijua alifu, amekwisha kujifunza mambo matatu: akilia, je, yuko amjiaye? Akiogopa, je, pako mahali pa kukimbilia? Akikosa na akasema kweli, je, husalimika? Majibu ya maswali haya hachukui katika kitabu. Huyachukua katika uso wa mkubwa aliye mbele yake.

Mwenyezi Mungu amemwumba mwanadamu na furaha, khofu, hasira, huzuni, haya na wivu. Hivi vyote mtoto huvileta mwenyewe, wala hafundishwi na mtu. Afundishwalo ni namna ya kuvichukua. Na wataalamu wa zama hizi wachunguzao watoto wamekuta jambo liafikianalo na hayo: kwamba ubongo wa mtoto hukua kwa upesi mno katika miaka yake ya kwanza, kwamba mtoto ajibiwaye kwa upole na mtu yule yule kila siku hupata utulivu wa kumtosha kujifunza na kucheza na wenziwe, na kwamba khofu kali ya kila siku, isiyo na mtu wa kuituliza, huudhuru mwili wake na fahamu zake.

FUNGU LA 2: REHEMA YATAKA KUONEKANA

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimbusu mjukuu wake Hasan bin Ali, na karibu naye ameketi Al-Akra bin Habis, mkubwa wa Bani Tamim. Al-Akra akastaajabu, akasema kuwa yeye ana watoto kumi wala hajapata kumbusu hata mmoja wao. Mtume akamtazama, akamjibu kuwa asiyerehemu harehemewi.

Angalia, ndugu msomaji: Al-Akra hakusema kuwa hawapendi watoto wake. Huenda aliwapenda kwa moyo wote. Aliyoyasema ni kwamba hajalidhihirisha pendo hilo. Na watu wa namna yake hawajakoma. Yuko baba ahangaikaye baharini au dukani kutwa nzima kwa ajili ya mwanawe, na jioni aingiapo nyumbani watoto hunyamaza, kila mmoja akatafuta pembe ya kujificha. Yeye hudhani hiyo ni heshima. Mtoto wa miaka 3 haoni jasho la baba yake, wala hajui bei ya unga. Ajuacho ni mkono uliompapasa kichwani na sauti iliyomwita kwa jina lake.

Na asiseme mtu kuwa hayo ni ya faragha, yasiyomwelekea mwanamume mbele za watu. Mtume (s.a.w.) alisalisha watu naye amemchukua Umama, mtoto wa binti yake Zainab, akisujudu humweka chini, na akisimama humchukua. Naye alikuwa akianza sala kwa nia ya kuirefusha, kisha akasikia mtoto analia, akaifupisha kwa kuchelea kumtaabisha mama yake. Na katika Sunan ya Nasai imepokewa kwamba siku moja alirefusha mno sijida, hata watu wakadhani limetukia jambo. Alipoulizwa baada ya sala, akaeleza kuwa mjukuu wake alimpanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha kabla hajatosheka. Ikiwa sala, iliyo nguzo ya dini, ilifanyiwa nafasi ya mtoto, basi ni kazi gani ya baba isiyoweza kungoja kidogo?

FUNGU LA 3: HUZUNI YA MTOTO NI HUZUNI KWELI

Umm Sulaim alikuwa na mwana mdogo aitwaye Abu Umair, ndugu wa Anas bin Malik kwa mama. Mtoto huyu alikuwa na kidege akichezea, na kidege kile kikafa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizuru nyumba yao. Alipomwona mtoto ana huzuni, aliuliza sababu, akaelezwa. Akamkabili mtoto mwenyewe, akamwita kwa kuniya yake, akamwuliza khabari ya kidege chake.

Kisa hiki ni kifupi, lakini wanavyuoni hawakukipita upesi. Ibn al-Kass, mwanachuoni wa Kishafi aliyekufa mwaka 335 wa Hijra, alikitungia kitabu kidogo mahususi, akatoa ndani yake faida zipatazo 60. Kwa mlezi zatosha nne. Ya kwanza, Mtume aliiona huzuni ya mtoto, hakungoja aambiwe. Ya pili, hakumcheka, wala hakusema kuwa kidege si kitu. Ya tatu, alimwita kwa kuniya, yaani kwa heshima apewayo mtu mzima. Ya nne, alimpa nafasi ya kulisema lililomo moyoni mwake.

Faida hii ya nne ndiyo izidiyo kusahauliwa. Mtoto hana maneno ya kuyaeleza yaliyomo ndani yake. Anapopiga mateke chini, au anapomwuma mdogo wake aliyezaliwa juzi, mara nyingi asema kwa mwili lile ambalo ulimi haujaliweza. Mlezi mwenye akili humpa neno: “Umekasirika kwa sababu mwenzio amekunyang'anya.” “Waona wivu kwa kuwa mama amembeba mdogo wako.” Kisha humwonyesha mpaka: kukasirika kwaruhusiwa, kuuma hakuruhusiwi. Mtoto aliyepewa neno hilo mara nyingi, siku moja atalitumia mwenyewe badala ya meno yake.

Ama kumwambia mtoto wa kiume, “Nyamaza, mwanamume halii,” hilo silo lililomo katika Suna. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, akaeleza kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, na ulimi hausemi illa lile limridhishalo Mola.

Na katika mambo mabaya ni kumtisha mtoto ili anyamaze. Huyu atishwa kwa zimwi, huyu kwa shetani aliye chini ya mbuyu, huyu kwa mwalimu wake wa Kurani. Hebu fikiri: mtoto atishwaye kwa mwalimu kila alapo na kila alalapo, akiletwa chuoni aja kusoma, au aja kuhukumiwa? Na aliyeambiwa khabari ya Moto kabla ya kuambiwa khabari ya rehema ya Mola wake, atamkaribia Mola huyo kwa miguu gani?

FUNGU LA 4: KUISHI NA WATU

Adabu ya kukaa na watu hufunzwa kwa kutendewa kabla ya kufunzwa kwa kuambiwa. Na katika hadithi muna mambo manne yaliyo wazi.

La kwanza ni kuelekeza kwa maneno machache. Umar bin Abi Salama alilelewa nyumbani kwa Mtume, na mkono wake ulikuwa ukizunguka sahanini. Mtume akamwambia ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Mambo matatu tu, bila ya tusi na bila ya kumwaibisha mbele ya walaji. Na Umar mwenyewe amesimulia kuwa hakuacha kula hivyo tangu siku ile.

La pili ni kumhesabu mtoto kuwa ni mtu mwenye haki yake. Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, na kuliani kwake yuko kijana mdogo, kushotoni wako wazee. Alipokwisha kunywa akamwomba kijana ruhusa awape wazee kwanza. Kijana hakukubali kuitoa fungu lake litokalo kwa Mtume, naye akampa mkononi mwake. Mtoto aliyeombwa ruhusa katika haki yake ndiye atakayejua kuomba ruhusa katika haki ya mwenziwe.

La tatu ni ukweli. Abdallah bin Amir alipokuwa mdogo, mama yake alimwita aje ampe kitu. Mtume akamwuliza mama kusudi lake ni kumpa nini, naye akajibu kuwa ni tende. Akamwambia kuwa lau hangempa kitu, angeandikiwa uwongo. Basi na ajihesabu mwenye kumwambia mtoto, “Nyamaza, kesho nitakununulia,” wala kesho haiji. Mtoto husahau kile kitu. Hasahau kwamba neno la baba halina thamani.

La nne ni uadilifu. Bashir alimpa mwanawe Nuuman zawadi, akamtaka Mtume awe shahidi. Mtume akauliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake, naye akasema la. Basi Mtume akakataa kushuhudia, akaamrisha kumcha Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto. Chuki nyingi za ndugu wakubwa, hata kufika mbele ya kadhi kwa mashamba na nyumba, mbegu yake ilipandwa utotoni, pale mmoja alipopakatwa na mwingine akaachwa amesimama.

FUNGU LA 5: KHABARI YA BAKORA

Hapa ndipo penye mzozo, na yafaa kusema kwa uwazi. Watu huitaja hadithi ya kuwaamrisha watoto sala katika miaka 7 na kuwapiga katika miaka 10. Wengi hushika mwisho wake na kusahau mwanzo. Kati ya miaka 7 na 10 iko miaka 3. Mwaka wa Kiislamu una siku 354, na kila siku ina sala 5. Hesabu yake ni sala 5,310. Yaani mlezi ameamrishwa kutumia ulimi, subira na mfano wake mwenyewe katika sala zaidi ya elfu tano kabla ya kufikiri jambo jingine. Basi mtoto wa miaka 4 au 5 apigwaye kwa kukosea herufi, apigwa kwa hadithi ipi?

Na hata baada ya hapo, wanavyuoni wa Kishafi wametia masharti: pigo lisiwe la kuumiza, lisiwe usoni, na mwalimu asimpige mtoto bila ya idhini ya walii wake. Na mtoto akiangamia kwa pigo la baba au la mwalimu, mpigaji ana dhamana, hata akisema kuwa alikusudia adabu tu. Imam Izzuddin bin Abdi-s-Salam, aliyekufa mwaka 660 wa Hijra (1262), aliulizia mtoto asiyefaa illa kwa pigo kali. Jibu lake ni kwamba pigo kali haliruhusiwi, na pigo jepesi halileti faida. Kwa hivyo yote mawili huanguka. Na nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, yamlinda kila mtu na adhabu ya viboko. Mwalimu aiachaye bakora hakuacha faradhi yoyote.

Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka 808 wa Hijra (1406), ameweka mlango mzima katika Mukaddima juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi, na khasa wadogo. Ameeleza kuwa mtoto alelewaye kwa kuonewa, nafsi yake hubanwa, uchangamfu wake huondoka, akajifunza uvivu, uwongo na hila, akadhihirisha lisilokuwamo moyoni mwake kwa kuukhofu mkono ulio juu yake. Na mwisho hayo huwa ndiyo tabia yake.

Mithali yake ni hii. Mtoto wa miaka 5 aletwa chuoni mara ya kwanza. Asubuhi ameambiwa nyumbani, “Leo utakutana na mwalimu, atakunyosha.” Aketi mkekani kati ya wakubwa, sauti ni nyingi, na bakora imelazwa mbele ya mwalimu. Akashikwa na haja, akaogopa kuomba ruhusa, akajikojolea. Wenziwe wakacheka.

Sasa jambo lote limo mkononi mwa mwalimu. Akimpiga, mtoto amejifunza kwamba mwili wake ni aibu, kwamba wenziwe ni adui, na kwamba msahafu na maumivu hukaa mahali pamoja. Atasoma, naam, na huenda akakhitimu. Lakini siku atakapopata nguvu ya kutopigwa, ataacha chuo na msikiti kwa pamoja, na baba yake atauliza, “Huyu aliharibiwa na nani?”

Ama mwalimu akisema kwa sauti ya kawaida kuwa mkeka huoshwa, akamtuma mwanafunzi mkubwa mpole ampeleke kisimani, akawanyamazisha waliocheka kwa kuwakumbusha siku zao za kwanza, kisha akamketisha karibu naye, amewafunza watoto wote waliokuwapo somo la kusitiri aibu ya Muislamu, nao hawatalisahau. Wala hilo si jambo la kuzua. Bedui mmoja, mtu mzima, alikojoa ndani ya msikiti wa Mtume. Watu wakamkemea. Mtume (s.a.w.) akawazuia, akamwacha amalize, akaamrisha ndoo ya maji imiminwe pale, kisha akamfundisha kwa upole. Ikiwa hayo alitendewa mtu mzima msikitini, mtoto mkekani ana haki zaidi.

FUNGU LA 6: MCHEZO

Imam Ghazali amesema kuwa mtoto atokapo chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha. Na kwamba kumzuia mchezo na kumlemeza kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuharibu wepesi wa akili yake. Na Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na wanasesere, na rafiki zake wakija kucheza naye, wakimwona Mtume waliona haya wakajificha, naye akiwarudisha kwake wacheze.

Katika mchezo mtoto hujifunza kungoja zamu, kushindwa bila ya kupiga, kushinda bila ya kujivuna, na kupatana baada ya kugombana. Watu wazima wasikimbilie kuamua kila ugomvi. Wawape wadogo nafasi ya kusema na kusikizana, mradi hapana aumizwaye.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa katika pwani hii. Tangu miaka ya 1980, Mombasa, zilianzishwa madrasa za watoto wadogo ambazo Kurani na dini husomeshwa pamoja na michezo, hadithi na vitu vya kuchezea vilivyofanywa kwa vifuu, mbegu na vijiti vya hapa hapa. Mpango huo, ulioungwa mkono na Wakfu wa Aga Khan kwa haja ya Waislamu wa pwani, ulifika Unguja na Uganda katika miaka ya 1990. Wala Kurani haikupungua kwa kucheza.

YATAKIWAYO KUTENDWA

Baba aingiapo nyumbani na aanze kwa salamu kwa watoto, kama Mtume alivyowasalimu watoto alipowapita. Ainame, au amketishe mtoto juu ya goti, amsikize mpaka amalize neno lake. Akimkosea, amwambie, “Baba amekosa, niwie radhi”. Heshima yake haitapungua, bali mtoto atajua jinsi kosa lifutwavyo. Mtoto akikosa akasema kweli, ukweli usifiwe kwanza, kosa lirekebishwe baadaye.

Mwalimu naye amjue kila mtoto kwa jina, ampokee mgeni kwa uso mkunjufu, amwonyeshe siku ya kwanza mahali pa maji na pa choo, na asimwaibishe mbele ya wenziwe. Na baba na mwalimu wasitishiane mtoto, bali wasaidiane.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mtoto wako akiogopa usiku, humkimbilia nani? Kwa nini?
2. Ni jambo gani ulilomwahidi mwezi huu, nawe hujalitimiza?
3. Mara ya mwisho aliposema kweli juu ya kosa lake, alipata nini mkononi mwako?
4. Toa faida nne za kisa cha Abu Umair, na useme ni ipi iliyo ngumu kwako.
5. Eleza masharti waliyoyatia wanavyuoni wa Kishafi juu ya kumtia mtoto adabu.

Mwenyezi Mungu awawafikishe wazazi na walimu kuichunga amana hii, awape watoto wa Kiislamu nyoyo zenye utulivu, na awajaalie wawe ni wenye kuwaombea wazazi wao rehema kwa sababu walirehemewa nao walipokuwa wadogo. Amin.